Uzi: Nataka kutoa holda ya simu ya nduthi (pikipiki) kwa moldi yangu mwenyewe, nichague plastiki gani?

NduthiTech_Roysa
Wadau habari za jioni. Niko na dizaini ya holda ya simu ya kufunga kwa usukani wa nduthi, nimeichora kwa kompyuta nikaprinti kadhaa kwa 3D, majamaa wa stage ya hapa Roysambu wameitumia na sasa wengine wanaulizia, so nataka nitoke kwa kuprinti niingie injeksheni, ile ya kusukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya moldi ya chuma. Iko na vipande vinne: bamba la nyuma la kama sm 16 kwa 9, mikono miwili ya kushika simu pembeni, na bano la kukaza kwa bomba la usukani na bolti ya M6. Shida ni kila mtu ananiambia yake. Sapulaya wa China kwa kotesheni ameandika ABS bila hata kuniuliza inaenda kutumika wapi, fundi mmoja wa Industrial Area ananiambia PP (polipropilini, ile ya beseni na viti) ndio bei ya chini, binamu yangu anasema weka nailoni tu maliza. Mimi nilikuwa nafikiria nitengeneze moldi kwanza halafu nijaribu plastiki tofauti tofauti nione inayokaa poa. Nisaidieni mawazo, msinichoke.

Mzee_wa_Moldi
Kijana karibu. Hiyo sentensi yako ya mwisho ndio inanitisha, ya kuchonga moldi kwanza halafu plastiki baadaye. Usifanye hivyo. Moldi huchongwa kwa plastiki inayojulikana, kwa sababu plastiki ikipoa inanywea, na kila moja inanywea kivyake. ABS inanywea kama asilimia 0.4 hadi 0.7. PP inaweza kwenda 1 hadi 2.5. HDPE, ile ya mabomba meusi ya maji, ndio mbaya zaidi. Sasa chukua bamba lako la mm 160: kwa ABS ya asilimia 0.5 unapoteza mm 0.8, kwa PP ya 1.5 unapoteza mm 2.4. Hiyo tofauti ya mm 1.6 ni klipu isiyoingia, ni tundu la bolti lililohama, na chuma kimeshakatwa. Ukitaka kurekebisha unarudi kwa fundi na pesa mkononi.

Kabla hujaulizwa PP ama ABS, jibu haya: unataka vipande vingapi kwa mwaka wa kwanza, itakaa juani saa ngapi, itamwagikiwa na nini, na kwa bano ile bolti itakazwa kwa nguvu kiasi gani. Halafu pia utauza bei gani.

NduthiTech_Roysa
Asante mzee. Seti 3,000 za kuanza, nikiuza nirudie. Jua ni kutwa nzima, nduthi haina kivuli. Petroli itaimwagikia maana wanajaza tenki na holda iko hapo juu karibu na mfuniko, na mafuta ya grisi kwa mikono pia. Mvua, vumbi, na kutetemeka hasa kwa barabara za huku kwetu. Bolti wanakaza na spana mpaka ilie. Rangi nyeusi. Bei nataka 600 kwa rejareja isizidi.

dada_polima
Sawa, sasa tunaweza kuongea. Mimi nafanya kazi ya kwality kwa kiwanda cha plastiki, nimeona vitu vingi vikirudi vimepasuka na karibu kila wakati ni kwamba mtu alichagua kwa bei ya kilo akasahau mahali kitu kinaenda kuishi.

Tuanze na jua. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na tuko hapa hapa ikweta, mionzi ya UV huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hivyo usijidanganye na baridi ya Julai, plastiki inachomeka tu. ABS ya kawaida ndani yake iko na mpira wa butadaini ambao ndio unaipa ugumu wa kutovunjika, na huo mpira ndio UV inaanza kuula. Inafifia, inakuwa kama na chaki juu, halafu siku moja inakatika kama biskuti. Kuna ndugu yake ASA, mpira wake ni wa aina nyingine inayovumilia jua, kunywea kwake ni karibu sawa na ABS. Lakini uliza kwanza kama utaipata kwa gunia hapa mjini, usipange kitu ambacho utakuwa unakiagiza kila mara.

Petroli sasa. ABS na ASA zote petroli inazilainisha na kuzipasua, hasa pale ambapo kipande kimekazwa. Polikaboneti nayo watu wanaipenda kwa sababu ni ngumu kweli kweli, lakini iweke kwa bolti halafu umwagie petroli, utaona nyufa ndogo ndogo zinatembea kutoka kwa tundu. Kwa hivyo hiyo hapana kabisa kwa bano. PP inavimba kidogo ikilowekwa kwa petroli lakini matone yanayokauka haiyajali. Nailoni haijali petroli wala grisi.

Kwa hivyo kwa bano mimi nasema nailoni, PA6 nyeusi yenye nyuzi za glasi asilimia 30. Kwa bamba na mikono, PP kopolima, ile ya kuhimili kugongwa si homopolima, na uweke masterbachi (chembe za rangi za kuchanganya) nyeusi ya kaboni nzuri pamoja na kinga ya UV. Kaboni nyeusi yenyewe ni kinga, ndio maana mabomba ya maji ya HDPE ni meusi, yanawekwa kama asilimia 2 hivi.

BinamuWaKila Mtu
si binamu alisema nailoni 😂 mimi sio yeye lakini niko upande wake

KariobangiFinest
Mbona mnamtisha jamaa na bei. Huku Kariobangi Light kuna PP ya kusaga tele, mifuniko na beseni na viti, imeoshwa, nyeusi tayari, kilo ni karibu nusu ya mpya. Holda ya nduthi si kifaa cha hospitali. Watu wanakanyaga kazi na hiyo miaka.

dada_polima
@KariobangiFinest sijakataa ya kusaga, nakataa usiyoijua. Ndoo ya rangi, kiti na mfuniko wa soda vyote vinaweza kuwa PP lakini vinatiririka tofauti kabisa kwa mashine, ukichanganya gunia moja leo na lingine kesho mashine inasetiwa upya kila gunia. Halafu PP iliyokaa juani miaka kama kiti cha kibanda ile kinga yake ilishaisha, unaanza safari mahali mwenzako amemalizia. Kwa beseni poa. Kwa kitu kimeshika simu ya elfu 30 kwa kasi ya 80 Thika Road, hapana.

Cha kufanya ni hiki: ile mikia ya plastiki inayobaki kwa moldi baada ya kila shoti (mzunguko mmoja wa mashine), saga urudishe, hiyo unajua ni nini maana ni yako. Wengi hawapitishi asilimia 20 au 25 ya hiyo ndani ya mpya.

Na kwa wale mnaonunua ya kusaga, jipimieni. Tupa kipande kwa maji: PP na PE (familia ya HDPE) zinaelea, ABS, PS (polistireni), nailoni, polikaboneti zinazama. Mtu akikuuzia "PP" inazama, amekudanganya au imejazwa chokaa. Ukichoma ncha kidogo, mahali wazi na usinuse karibu, PP na PE zinanuka mshumaa, ABS na PS zinatoa moshi mweusi wenye masizi, nailoni inanuka nywele zilizoungua. PVC usiichome kabisa, moshi wake ni asidi.

KariobangiFinest
Hiyo ya kuelea najua ndio tunatumia kutenganisha. Ya chokaa ni kweli, kuna watu 😅 sawa dada nimekubali kwa bano, kwa bamba bado nabisha.

Mchumi_Umoja
Mnagombania bei ya kilo na hamjafanya hesabu. Bamba la sm 16 x 9 lenye unene wa mm 2.5 pamoja na mbavu za nyuma ni kama sentimita za ujazo 40. PP uzito wake ni gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, hiyo ni gramu 36. ABS ni 1.05, gramu 42. Nailoni yenye glasi ni kama 1.36, gramu 54. Ona hapo, plastiki inanunuliwa kwa kilo lakini inajaza moldi kwa ujazo, ABS na PP zikiwa bei moja kwa kilo bado PP ni rahisi kwa kipande.

Sasa zidisha 3,000. Bamba zote za PP ni kilo 108, magunia matano ya kilo 25 na unabaki. Mnapigana juu ya magunia matano! Moldi tuseme tu, si bei ya mtu, seti nzima ikupige 900,000. Gawa kwa 3,000, kila holda imebeba shilingi 300 ya chuma kabla hujanunua hata chembe moja ya plastiki, na unataka kuuza 600 rejareja ambapo mwenye duka naye anataka yake. Kwa 30,000 inashuka hadi 30. Hapo ndio swali lako liko boss, si PP ama nailoni, ni kama utafika 30,000.

NduthiTech_Roysa
Hii imenitoa jasho. So kwa 3,000 injeksheni haifai?

Mzee_wa_Moldi
Inafaa, lakini usinunue moldi ya kiwanda cha milioni. Moldi ziko kwa ngazi. Wamarekani wana madaraja yao, daraja la 101 ni la shoti milioni moja kwenda juu, chuma kimeimarishwa kwa moto kikawa kigumu, 103 ni chini ya 500,000, 104 ni chini ya 100,000, na 105 ni ya majaribio isiyozidi 500. Wewe uko 104 hapo. Chuma cha P20 ambacho huja kimeshaimarishwa nusu kinatosha kabisa, hata alumini ngumu inatosha kwa PP ya kawaida, inachongeka haraka na inapoa haraka.

LAKINI, na hapa ndio mapendekezo ya dada yanakuja na gharama, nyuzi za glasi ni kama msasa. Zinakula geti (mlango wa kuingizia plastiki) na zinakula kona. Alumini zitaimaliza, na hata P20 ukienda mbali utaona ndevu za plastiki iliyovuja zinaanza kwa mstari wa kufungia. Kwa bano la nailoni yenye glasi weka chuma kilichoimarishwa kwa moto angalau pale geti linapoingilia, H13 ni ya kawaida kwa kazi hiyo. Bano ni dogo kwa hivyo haitakuua.

dada_polima
Kweli kabisa mzee. Na niongeze kwa nini nasisitiza bano lisiwe PP. Kuvunjika si shida, PP haivunjiki hovyo. Shida ni kwamba PP ikikazwa na bolti inatoroka pole pole, leo umekaza inashika, wiki chache zijazo imelegea bila mtu kugusa nati, wanakaza tena, inatoroka tena, mwishowe holda inazunguka kwa usukani na simu iko Mwiki. Wateja watasema bolti ni mbaya na bolti haina makosa.

fundi_chuma254
Naweza ongezea kwa dizaini? Nimeangalia ile picha uliweka ya bano, umefanya ukuta mmoja mm 6 na mwingine mm 2 ati ndio iwe na nguvu. Hiyo kwa 3D ni sawa kwa injeksheni ni balaa. Ule ukuta mnene utapoa mwisho, utavuta ngozi ndani utaona kibonyeo kwa nje na pengine tundu la hewa katikati. Muda wa kupoa unapanda kwa mraba wa unene, ukitoka mm 2.5 ukaenda 5 si mara mbili, ni mara nne, na mashine unalipa kwa saa. Fanya ukuta mm 2.5 au 3 kote halafu weka mbavu, na mbavu iwe nusu ya unene wa ukuta, ikizidi asilimia 60 itabonyeza upande wa pili. Kona za ndani zote zizungushe, kona kali ndio ufa unaanzia.

Pia kuta zako zimesimama wima kabisa. Zipe mteremko, digrii moja angalau, mbili ni nzuri, na kama unataka ule uso wa kukwaruza usioteleza ongeza tena kulingana na kina cha mikwaruzo. Bila hiyo kipande kinashika kwa chuma na zile pini za kusukuma zinakitoboa.

Na ule mdomo wa kushikia simu uliojikunja kwa ndani, hapo moldi inahitaji kipande cha kuteleza kwa pembeni, hiyo ni pesa. Ukitoboa dirisha chini ya ule mdomo chuma cha upande wa pili kinapita hapo kinaufanya bila kuteleza. Tundu moja kwa bamba umeokoa pesa nyingi sana.

NduthiTech_Roysa
Hiyo ya dirisha sikuwahi kufikiria. Nitachora upya leo usiku. Na geti niliache kwa mwenye moldi aamue?

fundi_chuma254
Aamue lakini umwambie mahali nguvu inapita. Plastiki ikizunguka tundu la bolti inagawanyika mara mbili inakutana upande wa pili, pale inakutana kuna mstari, na huo mstari ndio dhaifu kuliko kote. Kwa nailoni yenye glasi ni mbaya zaidi kwa sababu nyuzi hazivuki. Ule mstari usikae mahali bano linavutwa. Mwambie hivyo kwa maandishi.

Mama_wa_Mbao
Nimekuja kusoma tu nimekaa mpaka mwisho 😂 hizi nyuzi ndio tunataka si siasa kila siku

Jirani_Embakasi
Na China ama hapa? Mimi niliagiza moldi nje, ilifika nzuri lakini mifereji ya maji ilikuwa na nyuzi za skrubu ambazo kiwanda cha hapa hakikuwa na viungo vyake, na ilikuwa nene kuliko nafasi ya mashine yao. Ikakaa chini ikingoja.

Mzee_wa_Moldi
Hiyo ni kawaida sana, na tiba yake ni kupanga kwa kinyume: tafuta kiwanda kitakachokupigia kazi KWANZA, chukua vipimo vya mashine yao, nafasi kati ya nguzo, unene wa moldi wa chini na wa juu, ukubwa wa ringi ya katikati, viungo vya maji, halafu ndio uende kwa mchonga moldi awe Guangdong ama Baba Dogo. Tani za mashine, yaani nguvu yake ya kufunga moldi, unaweza kukadiria mwenyewe, chukua eneo la kipande likitazamwa kutoka juu, zidisha kwa kama nusu tani kwa kila sentimita mraba. Bamba lako ni 144, hiyo ni tani 72, weka na akiba, mashine ya tani 100 inatosha kwa kimoja kimoja.

Uliza pia kiwango chao cha chini cha oda. Kubadilisha moldi na kusafisha ile plastiki ya mwenzako kwa pipa la mashine kunakula muda, hawatakuwekea kwa vipande 200. Kwa sekunde 30 kwa shoti unatoa 120 kwa saa, bamba 3,000 ni kama saa 25, kwao hiyo ni kazi ndogo. Mikono na bamba ni PP moja, weka kwa moldi moja na ufunguo wa kuziba njia ya kwenda kwa mikono ili ukitaka bamba pekee unaziba. Vipande vikubwa na vidogo kwa moldi moja huwa havijai sawasawa, kwa hivyo mchonga moldi asawazishe ile mifereji ya plastiki, asikwambie itajipanga.

Ukiagiza nje, moldi inaingia forodhani kwa namba 8480.71, mpe ajenti hiyo kabla mzigo haujafika Mombasa, na VAT ya 16 uipange kwa hesabu. Na popote utakapochonga, mkataba useme moldi ni YAKO, na michoro yake ya mwisho, na salio linalipwa baada ya wewe kufunga sampuli za kwanza kwa nduthi ya kweli, si kwa picha ya WhatsApp. Sehemu za kushikana kama klipu mwambie aache chuma cha ziada. Kukata chuma baadaye ni dakika, kukiongeza ni kuchomelea.

dada_polima
Mzee amesema yote, mimi namalizia na kukausha maana hapa viwanda vingi vinaruka. Nailoni inanyonya unyevu wa hewa, gunia likiachwa wazi mwezi wa Aprili na mvua zile linakuwa sifongo. Ikiingia kwa mashine hivyo inatoka na mistari ya fedha juu na inavunjika kwa mkono. Lazima ikaushwe kwa nyuzijoto 80 kwa saa kadhaa kabla. Kituko ni kwamba ikitoka kwa moldi inakuwa kavu kupita kiasi na inakuwa ngumu ya kukatika, kwa hivyo ikilowekwa kwa maji au kuachwa inyonye unyevu kidogo inarudi kuwa na mnyumbuko, na vipimo vinaongezeka kidogo pia. Pima bano baada ya hapo si ikitoka moto. PP haina mambo haya.

NduthiTech_Roysa
Nimeandika yote. So: bano nailoni yenye glasi na chuma kigumu kwa geti, bamba na mikono PP kopolima nyeusi yenye kinga ya UV, moldi mbili, kiwanda kwanza. Na ile raba ya kushika simu isiteleze?

dada_polima
Usiipige kwa injeksheni juu ya PP kwa mara ya kwanza, hiyo ni moldi nyingine tena. Nunua ukanda wa raba ukate uingize kwa mfereji. Ukifika zile 30,000 za Mchumi ndio tuongee.

Mchumi_Umoja
😂 Nitakuwa hapa. Kitu kimoja, umeshaipeleka KIPI, ile ofisi ya kusajili dizaini? Dizaini inasajiliwa kwa miaka mitano na unaweza kuiongeza hadi 15. Faili ya 3D ukishaituma kwa viwanda sita kuomba kotesheni iko mikononi mwa watu sita.

NduthiTech_Roysa
Bado. Kesho asubuhi niko kwao South C kabla sijatuma email yoyote.

KariobangiFinest
Ukitoka huko pitia huku nikuonyeshe ile PP nyeusi. Njoo na ndoo ya maji.